Kiko Kilichopanga Foleni

Marahaba. Marahaba nyote. Na wewe uliyejibanza mlangoni na simu yako, marahaba na wewe. Kaeni, viti havitoshi lakini mkeka upo.

Nimeambiwa mnataka kujua nilifanya kazi gani maisha yangu yote. Wazee wenzangu hapa Biharamulo mkiwauliza watawajibu: mimi nilikuwa mwalimu, mimi karani, mimi muuguzi. Mimi nikijibu, watu wanacheka. Chekeni tu, nimezoea. Kazi yangu ilikuwa foleni. Nimepanga foleni za mahindi kambini Ngara miaka ile ya wakimbizi wa Burundi, nikapanga foleni za wagonjwa, nikapanga za wapiga kura, na miaka ya mwisho kabla sijastaafu nilikuwa napanga malori pale Rusumo mpakani, ambako dereva mmoja anaweza kukutukana kwa lugha nne kabla hujamaliza kumwambia arudi nyuma. Na sijawahi kukimbiwa na foleni. Samahani, nimedanganya. Mara moja ilinikimbia, na habari yenyewe ndiyo hii ninayotaka kuwaeleza, kwa sababu siku hiyo nilitupa kiko cha watu kwenye shimo la taka, na nusura nitupwe na mimi.

Lakini kwanza lile neno lenyewe.

Wajukuu zangu walioko Dar wakisema foleni wanamaanisha magari. "Babu, tumechelewa, kulikuwa na foleni." Mtu amekaa kwenye kiti, ana kivuli, ana muziki, anasema yuko kwenye foleni! Mimi nikisikia neno hilohilo naona akina mama na madebe, vumbi jekundu na mifuko ya maharage. Na mzee aliyenifundisha kazi, yeye akilisikia alikuwa anaona vijana wa kaptula wenye bunduki. Neno ni moja, lakini kila mmoja wetu alilikuta likiwa limevaa nguo nyingine.

Huyo mzee tulimwita Sajini Bonifasi. Alikuwa mtu wa Nyakisasa, kijiji kimoja na mimi, mwenye migomba mizuri kuliko yote na ulimi mkali kuliko wote. Vita vya pili vya dunia alipigana katika jeshi la Mwingereza, akafika mpaka Bama, yaani Burma, kule Asia. Usajini hakuwa nao, alikuwa koplo. Cheo alijipandisha mwenyewe akiwa njiani kurudi nyumbani, na kijijini hakukuwa na mtu wa kumkatalia. Kambi ilipofunguliwa alikuwa ameshapita miaka sabini, mgongo umenyooka utadhani kameza mpini wa jembe. Shirika lililogawa chakula lilitafuta mtu mwenye sauti, anayeelewana na Warundi. Sisi Wahangaza tunaelewana nao bila mkalimani, kwa hiyo watu walikuwa wengi. Wenye sauti ile, mmoja tu.

Mimi akanichukua kama msaidizi. Nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja na kiburi cha kumaliza darasa la saba. Akaniita kuruta, na aliniita hivyo mpaka alipofariki.

"Kuruta," aliniambia siku ya kwanza, "unajua foleni imetoka wapi?"

Nikamwambia imetoka dukani. Akanitazama kama nimemtukania mama yake.

"Dukani! Neno hili limezaliwa uwanjani, asubuhi, miguu imelowa umande. Afisa wa Kizungu anasimama pale, anavuta pumzi, anapiga kelele: Fol in! Maana yake ingieni kwenye mstari. Sasa sisi, mwingine katoka Bukoba, mwingine Tabora, mwingine Songea, Kiingereza tukijulie wapi? Tulichojua ni kwamba sauti ile ikiisha na wewe hujafika mahali pako, utazunguka uwanja na bunduki juu ya kichwa mpaka ukumbuke siku uliyobatizwa. Tukaliita foleni. Vita vilipoisha tukarudi nalo nyumbani pamoja na yale makoti ya jeshi."

Halafu akanieleza lilivyotembea. Wale waliotoka jeshini, mmoja akawa mwalimu, akawapanga watoto: foleni! Mwingine akawa mlinzi wa zahanati, akawapanga wagonjwa. Ikaja miaka ya sabuni kuadimika, likahamia kwenye maduka ya ushirika. Neno likawa linavua magwanda pole pole, leo kofia, kesho buti, mpaka watu wakasahau kwamba liliwahi kuwa askari.

"Nguo limebadilisha," alisema Sajini, "lakini maana yake ni ileile. Foleni ni watu. Mtu mmoja, nafasi moja, miguu miwili ardhini. Andika kichwani."

Nikaandika. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kabla sijafika huko, niwape mawili matatu ya kazi, yatawafaa hata kwenye harusi. Foleni usiipange ikilitazama jua. Watu wakikunja nyuso kwa saa mbili, wanamaliza kwa kukunja ngumi. Usiinyooshe moja kwa moja mpaka mwisho, ipe kona, ili wa nyuma asione urefu wa safari yake. Katikati mtafute mtu mcheshi, muombe abaki hapohapo katikati. Na usitazame nyuso, uso unadanganya. Tazama miguu. Anayetaka kuchomekea, vidole vya miguu vinageukia pembeni kabla yeye mwenyewe hajaamua. Hilo la miguu nilifundishwa na Sajini, na nimelitumia hadi kwa malori. Tairi la mbele likianza kukata kushoto, najua huyu bwana ana mpango.

Haya. Miezi ya kwanza nilikuwa ndani ya ghala, napima mahindi kwa kopo, nasawazisha juu kwa kijiti ili kopo la wa kwanza na la wa mwisho yawe sawa. Uwanjani sikuwa nikionekana. Ukafika mgao mmoja, Sajini akaniambia, "Kesho foleni ni yako. Na bosi anakuja kukagua. Nataka uwanja uwe msafi." Bosi wetu alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Dar, mkali lakini wa haki. Alikuwa ameshatuambia wazi kwamba foleni ikivunjika, magari yanarudi na chakula, maana watu kukanyagana ni kubaya kuliko kuchelewa kula. Mgao ulikuwa kila baada ya wiki mbili. Fikirini wenyewe, kaya mia kadhaa zinamsubiri kuruta aliyetoka ghalani jana.

Saa moja asubuhi nikafika uwanjani. Hakuna mtu hata mmoja! Ila takataka, mama yangu, takataka zimejaa kutoka mlango wa ghala mpaka kwenye kona ya choo. Kipande cha tofali. Kandambili moja ya kushoto. Ngata ya kubebea mzigo. Kibuyu kilichopasuka, kopo lenye kutu, gunzi, jiwe, jiwe lingine, ungo usio na kitako, kiko cha udongo kilichomeguka mdomo. Nikasema, hawa watu kweli! Nikashika toroli na fagio. Nilikusanya kila kitu, nikafanya safari nne mpaka shimo la taka, nikarudi nikamwagia maji uwanja wote kutuliza vumbi. Ulikuwa unang'aa. Nikasimama katikati, mikono kiunoni, namsubiri bosi anipongeze.

Mmeshaelewa, sivyo? Wakubwa hapo nyuma naona wanashika midomo. Nilikuwa nimeitupa foleni yenyewe.

Watu walikuwa wameanza kuipanga tangu kulipopambazuka. Kila mmoja aliweka kitu chake mahali pake, akaenda bombani kuchota maji, akaenda kuwapikia watoto uji. Kitu kinakaa, mwenyewe anafanya shughuli. Na ukipita karibu unasogeza cha mwenzako, kila mtu anajua kipi cha nani. Mama yangu mzazi nilipomsimulia baadaye alicheka mpaka akakaa chini. "Hata sisi wakati wa sabuni tuliweka mawe! Wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa machungani, mama. Mbuzi hawapangi foleni.

Saa tatu watu wakaanza kurudi. Wa kwanza akasimama, akatazama ule usafi wangu, akashika kichwa. Wa pili akapiga yowe. Dakika kumi baadaye uwanja mzima ulikuwa unanguruma, na kila mtu alikuwa wa kwanza. Watu mia kadhaa, wote wa kwanza! Sajini akaja mbio, akapanda juu ya pipa, akavuta pumzi, akaachia ile sauti ya Bama: "Foleeeni!" Wakatii wote kwa pamoja. Wote wakaja mlangoni. Pipa likayumba, Sajini akadakwa na wanawake wawili.

Ndipo akajitokeza mwanamke mmoja wa umri wa kama miaka arobaini, mrefu, kanga kaifunga kiunoni kwa fundo la vita. Huyo ni Melania. Kambi nzima ilimjua kwa mdomo. Akanishika sikio, naam, sikio, mbele ya watu, mfanyakazi wa shirika mwenye fulana yenye nembo.

"Umevipeleka wapi?"

"Shimoni."

"Kiko umekipeleka shimoni?"

"Kiko gani, mama?"

Alikwenda shimoni mwenyewe, akashuka mpaka magotini, akachakura kwenye maganda ya ndizi na majivu mpaka akakipata. Akakifuta kwa kanga, upande huu na upande huu. Sijawahi kuona mtu akifuta kiko namna ile. Nilijisikia vibaya kabla hata sijajua sababu.

Akarudi, akapanda kwenye lile pipa. "Sajini, unawauliza swali baya. Usimuulize mtu yeye ni wa ngapi, atakudanganya. Muulize mbele yake ni nani."

Hii, vijana, ndiyo elimu kubwa niliyopata katika kazi yangu yote, na nimeipata kwa mtu aliyetoka shimoni na majivu magotini. Mtu hajui yeye ni wa mia na ngapi. Lakini aliyemtangulia anamjua, maana alikitazama kitu chake, akaweka chake nyuma yake. Na hawezi kudanganya, kwa sababu yule wa mbele yupo palepale atamruka. Tukaanza. "Mbele yako nani?" "Mwenye kandambili." "Mwenye kandambili, mbele yako nani?" "Fundi baiskeli, Yohana, mwenye kipande cha tofali." Toroli langu likarudi kutoka shimoni, kila mmoja akachukua chake, na foleni ikajifuma yenyewe. Watu wakaanza kucheka, maana mwenye ungo usio na kitako alikuwa amekaa miezi yote nyuma ya mwenye gunzi, na leo ndiyo wanajuana majina. Mpaka Rusumo nimelitumia swali hilo. Madereva wakigombana simuulizi mtu kafika saa ngapi. Namuuliza, mbele yako ni lori gani? Kwisha kazi.

Tulipofika kwa Yohana fundi baiskeli, nikamuuliza. "Mbele yangu ni Melania." Nikamgeukia Melania. "Na mbele yako?"

Akaweka kile kiko chini, mbele ya miguu yake. "Mabukwe," akasema. Maana yake mama mkwe wangu.

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Nikatazama njiani. Hakuna mtu. Nikawatazama watu wa nyuma yake, wote wakaitika, "Ego!" yaani ndiyo, mbele ya Melania ni bibi mwenye kiko. Ndiyo foleni ilivyo. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona huyo bibi.

Bosi alifika foleni ikiwa imesimama, lakini harufu ya kilichotokea bado ilikuwa hewani, na magoti ya Melania bado yalikuwa meupe. Chakula kiligawiwa. Baada ya hapo akaniita. Kosa la pili, alisema, nitarudi Nyakisasa kulima. Na kuanzia mgao ujao vitu ni marufuku uwanjani. "Kama wangekuwa watu," aliniambia, "usingeweza kuwatupa shimoni."

Sajini alifurahi. Hatimaye shirika limeelewa kwamba foleni ni watu.

Siku mbili kabla ya mgao, Melania akaja pale tulipokuwa tunashona mifuko. Alikuwa na kiko mkononi. Akamsalimia Sajini shikamoo, akasimama. Melania kusimama kimya, hilo peke yake lilitutia wasiwasi.

"Sajini, kiko hiki hakina kadi. Hakili mahindi, hakinywi mafuta. Nikifika mezani nakiokota, naweka kifuani, basi. Kiache kikae."

"Foleni ni watu, mama. Sheria."

Ndipo akatueleza. Mume wake alikuwa amefariki kwa maradhi miaka mingi kabla, akamwachia mama yake, Bibi Rosaria, ndani ya nyumba moja. Wanawake wawili, jiko moja, hakuna wa kuamua ugomvi. "Miaka kumi na minane," alisema. "Kisimani ananitangulia, misani ananitangulia, hata kununa ananitangulia. Chumvi yangu haikuwahi kuwa sawa hata siku moja." Siku walipokimbia, njia imejaa watu, yule bibi akampa kiko, akamwambia, hebu nishikie nifunge kanga vizuri. Akashika. Umati ukasukuma. Alipogeuka, hayupo.

"Nimekishika," alisema Melania. "Aliniambia nishike, nimekishika. Mkikitoa kwenye foleni, mtakuwa mmesema haji. Mimi sijasema haji. Na akija akikuta nimemtangulia, Sajini, humjui huyo mwanamke. Nitasikia mpaka kaburini."

Alicheka kidogo alipomaliza, na machozi yakamtoka papo hapo. Sajini alitazama sindano yake. "Foleni ni watu," alirudia, ila sauti haikuwa ya Bama. Melania akaondoka bila kumjibu neno. Angemjibu, tena kwa matusi, mzee angelala vizuri zaidi.

Siku ya mgao nikafika uwanjani. Watu tupu, vitu hakuna, miguu miwili ardhini kama ilivyoagizwa. Nawatazama miguu mmoja mmoja. Nikafika kwa Yohana fundi baiskeli, nikafika kwa Melania, na mbele ya miguu ya Melania nikakuta buti. Buti zimepakwa rangi mpaka zinaakisi. Nikapandisha macho. Koti la jeshi la Mwingereza, vifungo vya shaba, na kwenye mfuko wa kifua, kiko.

"Sajini! Unafanya nini hapa?"

"Nimepanga foleni, kuruta. Huoni?"

"Sasa nani anasimamia?"

"Wewe. Na usinisemeshe, nachelewesha watu."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Mzee kanitupia foleni nzima, onyo langu la kwanza bado bichi, na bosi anashuka kwenye gari. Bosi akaja anakagua, mkono nyuma, akafika pale, akasimama.

"Mzee, wewe si mkimbizi. Huna kadi."

"Sina, mama. Sichukui kitu. Nimesimama mahali pa mtu."

"Mtu gani?"

"Yuko njiani."

Bosi akamtazama Melania. Melania akakitazama kile kiko. Bosi akanigeukia mimi. "Nilisema kwenye foleni wawepo nini?"

"Watu, bosi."

"Na huyu ni nini?"

"Ni... mtu, bosi."

"Basi kuna shida gani? Endelea na kazi." Akapita. Nadhani alipofika kwenye kona alijifuta jicho, ila vumbi lilikuwa jingi, siwezi kuapa.

Kuanzia hapo Sajini alisimama kila mgao. Mvua, jua, yeye na koti lake. Kiko kikahama mfukoni kikaenda mdomoni. Havuti, anakiuma tu, kitupu. Wakati mmoja alipougua malaria nilisimama mimi, nikasimamia foleni nikiwa ndani yake, shingo ikauma wiki nzima. Yeye na Melania walianza kugombana kuhusu kila kitu, kuanzia jinsi ya kupika mchicha mpaka nani alishinda vita. Melania alisema amepata mama mkwe wa kiume. Mke wa Sajini alikuja siku moja kutazama, akatikisa kichwa, akasema afadhali kagombane huko, nyumbani nipumzike.

Na alipokuwa amesimama pale, miezi imepita, Sajini hakuniambia tena kwamba maana ya foleni ni ileile. Nilimchokoza. "Sajini, mtu mmoja, nafasi moja, miguu miwili?" Akasema, "Kuruta, kule jeshini tulikuwa tunapangwa ili wajue nani hayupo. Nani kafa, nani katoroka. Hapa tunapanga ili asiyekuwepo abaki na mahali pake. Sikujua kama neno hili linaweza kufanya kazi hiyo." Kisha akanifokea kwamba nimeacha kona inalegea.

Kiangazi kilipokolea, siku ya mgao, likaja lori limeleta watu kutoka kambi ya upande wa Biharamulo, watu waliokuwa wanahamishwa kuja kwetu kwa sababu wana ndugu huku au wanatafuta ndugu. Wakashushwa karibu na choo. Mimi niko kazini, natazama miguu. Nikaona miguu mikavu, haina viatu, inapanda kando ya foleni. Nikajiandaa. Lakini vidole vyake havikugeukia pembeni. Vilikuwa vinatazama mbele moja kwa moja, na hatua hazina haraka.

Watu wameshaanza. "Nyuma! Bibi, nyuma! Mwisho uko kule!"

Nikamkimbilia. Bibi mwembamba, mweusi, kanga imefungwa vizuri sana. Anamtazama kila mtu usoni, mmoja mmoja, anapita. "Bibi shikamoo, mwisho wa foleni..." Hata hakuniona. Alikuwa amesimama ghafla, anamnyooshea kidole Sajini.

"Wewe mzee! Hicho kiko umekiiba wapi?"

Melania alikuwa amegeuka nyuma anabishana na Yohana. Niliona mgongo wake ukikakamaa. Debe likamdondoka. Hakugeuka mara moja. Nadhani aliogopa kugeuka, maana mara ya mwisho alipogeuka hakukuta mtu. Halafu akageuka, na akakuta.

Siwezi kuwaeleza sauti aliyotoa. Walishikana, mmoja analia, mwingine anapapasa uso wa mwenzake na kumwambia amekonda, na foleni nzima, watu mia kadhaa waliokuwa wanapiga kelele nyuma, nyuma, ikakaa kimya. Kisha Yohana fundi baiskeli akapaza sauti: "Ni yule wa mbele ya Melania!" Na nyuma yake wote, mpaka kule kwenye kona ambako hawakuweza kuona chochote, wakaitika: "Ego!"

Sajini akatoa kiko mdomoni, akakifuta kwenye koti, akampa kwa mikono miwili. Akapiga saluti, akatoka hatua mbili pembeni. Bibi Rosaria akaingia mahali pake. Kadi alikuja kuipata baadaye, siku hiyo hakuwa na haki ya hata punje moja, alisimama tu kwa haki yake ya kusimama. Akakikagua kiko, akachungulia ndani.

"Kikavu hivi? Hata tumbaku hukukiwekea?" Kisha akanyoosha shingo, akahesabu vichwa mpaka mlangoni. "Na mbona tuko mbali namna hii? Ungewahi kuamka."

"Ndiyo, mabukwe," alisema Melania, huku machozi na kicheko vinagombania uso mmoja.

Uwanja ulilipuka. Watu walicheka, walipiga vigelegele, madebe yakagongwa, mimi nimesahau kabisa kwamba nina kazi. Sajini peke yake ndiye aliyekumbuka. Alijinyoosha, akavuta ile pumzi ya Bama, akaachia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla wala baada:

"Foleeeni!"

Na hakuna mtu aliyesogea hata hatua moja, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshafika mahali pake.